Chaja ya laptopu na volti za betri: namba zipi zilingane, zipi zisilingane

Chaja imeandikwa 19.5V, betri imeandikwa 11.1V, na muuzaji anaapa kwamba zote ni za laptopu hiyohiyo. Haongopi. Volti za chaja hazikukusudiwa kufanana na za betri. Chaja hulinganishwa na laptopu, betri nayo hulinganishwa na laptopu, na katikati yake, kwenye bodi, kuna sakiti ambayo ndiyo hasa inayochaji. Kile kijitofali cheusi tunachokiita chaja hupokea 240V za ukutani, ambazo ni mkondo geu (AC), na kutoa volti kama ishirini za mkondo mnyofu (DC), basi. Hakijui kama betri imejaa au imekauka.

Ukishika hilo, maswali mengi ya dukani hujijibu yenyewe.

Kusoma vibandiko

Kibandiko cha chaja kina mistari miwili ya maana. Wa kwanza ni INPUT, kwa kawaida 100-240V, 50/60Hz. Huo ni upande wa ukutani. Stima ya Kenya ni 240V, 50Hz, kwa hivyo chaja yenye mstari huo hufanya kazi Mombasa hata kama laptopu ni ya mtumba kutoka Marekani, ambako stima ni 120V. Kinachogoma ni kebo yake ya pini mbili bapa tu. Usinunue transfoma wala kibadilishio kinachocheza ndani ya soketi. Nunua kebo ya pini tatu za mraba inayoingia kwenye tundu la chaja, lenye pini tatu ndani au lenye umbo la nane. Fungua plagi yake kama inafunguka utazame fyuzi: inatakiwa 3A. Kebo nyembamba ikiwekewa fyuzi ya 13A, siku ya hitilafu waya ndio utakaoungua kwanza.

Mstari wa pili ni OUTPUT, kwa mfano 19.5V, 3.34A. Zidisha: 19.5 mara 3.34 ni wati 65. Hizo wati ndizo utakazoulizia dukani. Mifano utakayokutana nayo sana: 19V na 3.42A ni wati 65, 19.5V na 2.31A ni wati 45, 19.5V na 4.62A ni wati 90. 20V na 3.25A ni wati 65, 18.5V na 3.5A, ya HP za zamani, pia ni wati 65.

Kibandiko cha laptopu kiko chini ya tumbo lake, na hicho ndicho hakimu. Chaja ya zamani ikipotea, usikisie kwa kumbukumbu wala kwa rangi ya plagi. Geuza laptopu, soma volti na ampea inazodai.

Ndani ya betri

Betri ni seli zilizofungwa pamoja. Seli moja ya lithiamu huandikwa 3.6V au 3.7V, lakini hiyo ni volti ya wastani: ikijaa hufika 4.2V, na ikishuka karibu na 3.0V imekwisha. Seli zikifuatana, volti zake hujumlishwa. Kwa hivyo:

Betri ya 7.2V au 7.4V ina seli mbili zinazofuatana, na ikijaa ni 8.4V.
Ya 10.8V au 11.1V ina seli tatu, ikijaa 12.6V.
Ya 14.4V au 14.8V ina seli nne, ikijaa 16.8V.

Betri bapa za laptopu nyembamba za siku hizi hutumia seli za 3.8V au 3.85V ambazo hujazwa mpaka 4.35V au 4.4V. Ndipo unapoona 7.6V, 11.4V, 15.2V au 15.4V. Hiyo ya 15.4V ikijaa hufika 17.6V.

Betri iliyoandikwa "seli 6" na 11.1V ina jozi tatu: kila jozi ni seli mbili zilizolala sambamba. Sambamba haiongezi volti, huongeza akiba.

Sasa tazama namba ya juu kabisa hapo, 17.6V. Sakiti ya kuchaji katika laptopu nyingi zenye plagi ya duara hushusha volti tu, haipandishi. Ili ijaze betri ya 17.6V lazima ipokee zaidi ya hapo, na nafasi kidogo juu yake. Hiyo ndiyo sababu chaja nyingi ziko kati ya 18.5V na 20V, bila kujali betri ina seli tatu au nne. Chaja ya 16V ya mashine za kale ukiichomeka kwenye laptopu yenye betri ya seli nne, hata isipokataliwa, haiwezi kuijaza kamwe.

Kinachotokea ukichomeka ni hiki. Sakiti husukuma mkondo wa kiwango kimoja kwenye betri huku volti zikipanda taratibu. Seli zikifika 4.2V, volti hushikwa hapohapo na mkondo huanza kupungua wenyewe mpaka unakuwa mdogo sana, kisha hukatwa. Ndiyo maana kutoka 20% hadi 70% ni haraka, na kutoka 90% hadi 100% kunachosha roho. Si chaja iliyochoka.

Na ndiyo maana ni hatari mno fundi kuunganisha waya wa chaja moja kwa moja kwenye betri "ili aiamshe". 19.5V zikigawanywa kwa seli tatu ni 6.5V kila moja. Seli ya lithiamu haivumilii hivyo. Huvimba, hutoa moshi, huwaka. Mwenye kukuambia atafanya hivyo, chukua laptopu yako uende.

Kuchagua chaja nyingine

Volti kwanza. Tofauti ndani ya asilimia tano, yaani karibu volti moja, kwa kawaida haina shida: chaja ya 19V kwa laptopu ya 19.5V huenda vizuri, na 18.5V kwa 19V pia. Nje ya hapo acha. Chaja ya 12V au 16V laptopu ya 19V haitaikubali. Ya 24V, kama zile za baadhi ya printa, inaweza kuua bodi kwa mguso mmoja.

Ampea, au tuseme wati, ziwe sawa au zizidi. Watu huogopa chaja ya wati 90 kwa laptopu ya wati 65, na woga huo hauna msingi. Mkokoteni wa maji ukipita na mitungi ishirini, hulazimiki kununua yote. Laptopu nayo huvuta inachohitaji. Kinyume chake ndicho kibaya. Chaja ya wati 45 kwenye laptopu ya wati 90 hutokota, hukata na kurudi, au laptopu hujipunguzia kasi ili iishi na kilichopo. Ukiona betri inashuka huku chaja imechomekwa na unafanya kazi nzito, hesabu wati kabla ya kulaumu betri.

Plagi ndipo wengi hudanganyika, maana kuingia si kulingana. Vipimo husemwa kwa milimita, kipenyo cha nje kisha cha ndani. Acer nyingi ni 5.5 kwa 1.7. Toshiba na Asus za zamani ni 5.5 kwa 2.5. Dell na HP za zamani ni 7.4 kwa 5.0 zenye sindano katikati, na mpya zake ni 4.5 kwa 3.0, pia zenye sindano. Lenovo zimepitia ya duara ya 7.9, ya mstatili, ya 4.0 kwa 1.7, na sasa USB-C. Onyo moja la nyumbani: kinasa-picha cha kamera za ulinzi na ruta nyingi hutumia 12V kwa plagi ya 5.5 kwa 2.1. Plagi ya laptopu ya 5.5 kwa 2.5 huingia humo ikilegealegea kidogo, na hizo 19V humaliza kazi papo hapo. Weka alama ya rangi kwenye chaja zako kama zote zinakaa droo moja.

Alama ya chanya na hasi imechorwa kwenye kibandiko: duara lenye nukta katikati. Kwa laptopu, karibu zote, chanya ni ndani na hasi ni nje. Chaja zisizo na jina wakati mwingine zimechora hivyo na kuunganisha vingine, kwa hivyo pima.

Ile sindano ya katikati haibebi nguvu. Kwenye Dell huunganishwa na chipu ndogo ndani ya chaja inayoiambia laptopu "mimi ni wa wati 65". Kwenye Lenovo ya mstatili ni rezista (kipande kinachozuia mkondo) inayofanya kazi hiyohiyo. Sindano ikipinda, ikivunjika, au waya wake mwembamba ukikatika shingoni mwa plagi, volti zote zitafika salama na bado betri haitachajiwa. Dell itakuambia wakati wa kuwaka kwamba haitambui aina ya chaja, itakubali kuendesha kazi, itapunguza kasi, na betri itaiacha ilivyo. Hili ni tatizo la chaja nyingi za bei ya chini ambazo hazikuwekewa chipu ya maana.

USB-C ina adabu tofauti. Chaja na laptopu huzungumza kwanza, ndipo volti zinapanda: 5, 9, 15 au 20. Toleo la 2021 la kanuni za kuchaji kwa USB-C liliongeza 28, 36 na 48, mpaka wati 240. Kosa la kawaida hapa ni kebo. Kebo isiyo na chipu hubeba 3A tu, yaani wati 60 kwa 20V. Chaja ya wati 65 au 100 ikitumia kebo hiyo hubaki kwenye wati 60. Nunua kebo iliyoandikwa 5A. Chaja ya simu ya wati 20 huenda ikakataliwa kabisa, au ikachaji polepole laptopu ikiwa imezimwa.

Kupima kwa multimita

1. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyofu, ngazi ya 200V. Ngazi ya 20V huishia 19.99, chaja ya 20V ikipimwa hapo, skrini huonyesha 1 peke yake upande wa kushoto, na chaja nzima hutupwa kwa kosa la mpimaji.

2. Funga ncha ya nyekundu kwa utepe, uache milimita mbili tu za mwisho. Ncha tupu ikigusa ndani na nje kwa pamoja utakuwa umepiga shoti. Chaja nzuri itajizima mpaka uichomoe ukutani sekunde thelathini, mbovu haitarudi.

3. Chomeka chaja ukutani bila laptopu. Nyekundu ndani ya tundu la plagi, nyeusi ubavuni nje. Kwenye plagi yenye sindano, nyekundu iguse ukuta wa ndani, isiiguse sindano.

4. Soma. Chaja ya 19.5V ikionyesha kati ya 18.5 na 20.5 iko sawa. Alama ya kutoa mbele ya namba, ikiwa hukubadilisha ncha, maana yake chanya iko nje. Usiichomeke kwenye laptopu.

5. Ukiwa bado unapima, kunja waya polepole karibu na plagi, kisha karibu na kijitofali. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa chaja, na hutibika kwa kukata sehemu hiyo na kufunga plagi mpya ya kipimo kilekile.

6. Pima ikiwa na mzigo. Chaja yenye kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme kidogo na kutuliza volti) zilizochoka huonyesha 19.5V safi ikiwa haina kazi, kisha huanguka mara laptopu inapovuta. Mzigo rahisi ni balbu mbili za indiketa za lori, 24V wati 21, zilizofungwa sambamba: kwa 19.5V zitavuta kama ampea moja na nusu. Volti zikibaki juu ya 18.5, chaja ina nguvu. Zikishuka chini ya hapo, au balbu zikipepesa bila kutulia, imekwisha. Kupepesa mara moja mwanzoni ni kawaida, kwa sababu balbu baridi huvuta mkondo mkubwa.

Chaja ya USB-C usiipime hivi. Isipoona kifaa cha kuzungumza nacho haitoi kitu, au hutoa 5V tu. Inahitaji kipimo chake kidogo kinachochomekwa katikati ya kebo.

Imechomekwa lakini haichaji

Anza na kisichogharimu. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 60% au 80% ili betri idumu, na mtumba huja na mpangilio wa mwenyewe wa kwanza. Ikikwama kwenye namba hizo kila mara, hakuna kilichoharibika.

Halafu chaja itambuliwe. Kwenye Dell, bonyeza F2 inapowaka, tafuta ukurasa wa betri. Utaona wati za chaja zimeandikwa, au imeandikwa haijulikani. Haijulikani maana yake rudi kwenye sindano.

Kama betri ni ya kuchomoka, itoe, uwashe kwa chaja peke yake. Ikiwaka na kutulia, chaja na tundu ni wazima. Ikizima ukigusa plagi, tundu limelegea kutoka kwenye bodi. Kwenye laptopu nyingi tundu hilo lina waya wake mfupi na hubadilishwa bila kuchomelea.

Usiihukumu betri kwa kupima pini zake mezani. Betri nyingi hufunga njia mpaka laptopu iziamshe, hivyo 0V si ushahidi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotajwa. Linganisha namba mbili: uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Betri ya wati-saa 48 ambayo sasa hujaa kwa 24 imebaki nusu. Ikiwa namba ya pili ni ndogo mno, au betri haionekani kabisa, sakiti ya ulinzi iliyo ndani yake huenda imejifunga baada ya seli kushuka kupita kiasi. Hilo hupata laptopu iliyokaa kabatini mwaka mzima ikiwa 0%. Kufungua kufuli hilo kwa nguvu si kazi ya kujaribia nyumbani. Seli iliyoshuka sana huharibika ndani na inaweza kupiga shoti ikichajiwa tena.

Kununua betri

10.8V na 11.1V ni kitu kimoja. Mmoja amehesabu seli kwa 3.6, mwingine kwa 3.7. Vivyo hivyo 14.4V na 14.8V. Lakini 11.1V kwa 14.8V si kitu kimoja, hata ganda likiingia sawasawa: ni seli tatu dhidi ya nne.

Linganisha kwa wati-saa (volti mara ampea-saa), si kwa mAh (elfu moja ni ampea-saa moja). Betri ya 11.1V, 4400mAh ni wati-saa 49 hivi. Ya 14.8V, 2200mAh ni 33. Na tazama uongo ulipo: seli za duara za kipimo cha 18650 zilizomo kwenye betri hizi kwa kawaida hazipiti 3500mAh, kwa hivyo betri ya seli sita yenye jozi tatu haiwezi kuzidi 7000mAh. Ukiona kibandiko cha 9000mAh, hata mizani haihitajiki. Ingawa mizani nayo husaidia: seli moja ina gramu 45 hivi, kwa hivyo betri ya seli sita isiyofika gramu 270 imepungukiwa.

Kubadilisha seli moja mbovu ukaacha tano za zamani ni kupoteza pesa. Seli zisizolingana hujaa kwa nyakati tofauti, na ulinzi hukata mapema.

Joto, chumvi na stima ya hapa

Wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa hupita nyuzi 30 mchana kutwa. Betri iliyojaa 100% ndani ya joto huchakaa upesi kuliko inayotumika. Kama laptopu yako hukaa mezani imechomekwa siku nzima, weka kikomo cha 80%. Betri ikipita nyuzi 45, laptopu nyingi husimamisha chaji zenyewe. Ukiifunika godoroni utalifikia hilo haraka. Pedi ya kugusa ikiinuka au kifuniko kikiachana, betri imevimba: zima, chomoa, usiibonyeze wala kuitoboa, itolewe na fundi.

Hewa ya baharini huweka kutu ya kijani kwenye pini. Futa plagi kwa pamba yenye isopropili, chaja ikiwa imechomolewa, uiache ikauke. Spiriti ya hospitali ina mafuta, huacha utando.

Stima kuwa chini si adui wa chaja; hata 180V itaivumilia. Hatari ni inaporudi, na zaidi ya hapo ni waya wa nyutro (unaorudisha mkondo) ukikatika njiani. Hapo nyumba zilizo kwenye fezi (waya za moto) tofauti huweza kupata volti zinazoelekea 415, wakati kapasita kubwa iliyomo ndani ya chaja imejengwa kwa 400V au 450V za mkondo mnyofu, na kilele cha 240V pekee tayari ni karibu 340V. Hupasuka kwa mlio. Kilinda-friji chenye kuchelewesha dakika chache kinakata volti zilizozidi na kinafaa kwa laptopu pia. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu haikingi kitu.

Jambo la mwisho ni ule mchonyoto unaousikia vidoleni ukigusa laptopu ya bati ukiwa pekupeku sakafuni. Chaja yenye pini tatu ina kapasita ndogo za kuchuja zinazotegemea waya wa ardhi. Soketi isipokuwa na waya huo, kama zilivyo nyingi katika nyumba za zamani, bati hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo mno usiodhuru mwili. Chaja mpya haitaliondoa. Fundi wa umeme aweke waya wa ardhi. Mpaka afike, chomoa chaja kabla ya kuunganisha laptopu na televisheni au projekta, kwa sababu volti hizo zinazoelea hushuka kupitia tundu la HDMI na kuliharibu.